Nyuma ya Lipu

Tulirudi kutoka msibani tukaukuta mlango wetu wa mbele umelala sebuleni, umefungwa. Kitasa kilikuwa kizima, ulimi wake bado umezama kwenye fremu kama nilivyouacha. Mwizi hakujisumbua nacho. Alipenyeza mtaimbo kati ya fremu na ukuta, akasukuma, fremu ikang'oka na mlango wake.

Nilipochungulia lile pengo ndipo nilipoingiwa na aibu. Nyuma ya fremu hapakuwa na zege. Palikuwa na karatasi za mfuko wa saruji zilizosokotwa na kushindiliwa, vipande vya tofali, na misumari miwili ya inchi 4 iliyopinda. Juu ya uchafu huo, lipu iliyonyooka na rangi ambayo wageni walikuwa wakiisifia.

Ndugu fundi, neno la kwanza ni lako. Kusimamisha fremu ya mlango wa nje unakujua kuliko mimi. Unajua kwamba kila mwimo unataka vyuma vitatu vya kuushika ukutani: kimoja juu, kimoja chini, kimoja usawa wa kitasa, na kila kimoja kizame ndani ya ukuta na kuzungukwa na zege. Unajua kwamba mgongo wa fremu hupakwa dawa ya mchwa kabla haujagusa saruji, maana baadaye hautafikika tena. Unajua kwamba timazi huangushwa mara mbili kwa kila mwimo, usoni na ubavuni, na kwamba tepu ikivutwa kona kwa kona pande zote mbili lazima isome sawasawa, la sivyo mlango utakwaruza. Unajua pia kukinga ubao katikati, ili zege lisiisukume miimo ndani.

Karibu yote hayo hufunikwa na lipu, na hapo ndipo uaminifu unapopimwa. Nyumba uliyokabidhiwa ni amana. Watoto watalala wakiamini mlango na ukuta vimeshikana, nawe peke yako ndiye unayejua kama ni kweli.

Lakini sisi wenye nyumba nasi tusijifiche. Fundi wangu alinitajia bei, nikaikata karibu nusu. Alitaka siku mbili, nikampa jioni moja kwa kuwa nilitaka kuhamia kabla ya Sikukuu. Aliomba mfuko mmoja zaidi wa saruji, nikamwambia ajibane na uliobaki. Kitasa nilinunua cha bei ghali, kwa sababu kitasa kinaonekana. Zile karatasi alizishindilia yeye, ni kweli. Ila mimi nilikuwa nimeshamwonyesha kwamba kisichoonekana hakina thamani kwangu.

Wazee wa mwambao hawakuuchukulia mlango hivyo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kule Lamu, mlango wa nakshi ulikuwa heshima ya mwenye nyumba, na mara nyingi ulisimamishwa kwanza, ukuta ukajengwa kuufuata. Mawe yaliikumbatia miimo tangu chini. Sisi leo twaacha tundu ukutani, kisha twatafuta wa kuliziba haraka na kwa bei ndogo.

Basi, mwenye nyumba, lipa bei ya haki, toa siku zinazotosha, na uwepo kabla lipu haijapigwa. Usiende kumpeleleza fundi. Nenda umwombe akuonyeshe kazi yake, kwani fundi mwema hufurahi inapotazamwa. Zege likishatiwa, limwagie maji walau siku 7, na usihimize mlango utundikwe kabla halijashika.

Nawe fundi, ukitajiwa bei isiyotosha, ikatae kwa mdomo. Usiikubali kwa mdomo ukaja kuikataa kwa mikono. Mwambie tajiri wako waziwazi: kwa pesa hii na muda huu, fremu haitashika. Akikasirika, umepoteza kazi ya siku moja. Ukinyamaza, umeacha jina lako ndani ya ukuta wa mtu, na siku moja ukuta huo utafunguka.

Fremu yangu imesimamishwa upya, na safari hii nilikuwepo. Ilichukua siku mbili, zile zile alizoniomba fundi wa kwanza.