Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Soma Yohana 9:1–3, Marko 9:17–27, Mathayo 4:24.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu hawakuuliza atasaidiwaje. Waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Swali hilo halijafa. Mtoto akianguka kifafa hapa Kighare, au katika kijiji kingine chochote cha Upareni, minong'ono huanza: mama alivunja mwiko gani, ukoo ule umewakosea nini mizimu, nani kamroga. Hata kanisani tunao usemi wetu: "Wangekuwa na imani, mtoto angepona." Maneno ni mengine, swali ni lile lile. Tunamtafuta mkosaji.

Yesu alilikataa swali hilo. Kwa baba wa kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini, aliuliza jambo moja tu: mambo haya yamempata tangu lini? Ndilo swali analouliza tabibu wa zahanati. Halimhukumu mtu, linatafuta kujua ili kusaidia.

Wengine watajibu kwamba kijana yule alikuwa na pepo. Ndivyo Marko asemavyo. Lakini Mathayo 4:24 huwataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi peke yake. Basi tusimwite kila mgonjwa wa kifafa mwenye pepo.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na vyanzo vyake ni vingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kupanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, kiharusi. Mara nyingine hurithiwa, na kwa wagonjwa wengi chanzo hakionekani. Huko Mahenge, ambako Dkt. Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960, kifafa kimehusishwa na usubi. Huko Mbulu, watafiti katika Hospitali ya Haydom wamewaona wagonjwa wenye vifuko vya tegu wa nguruwe ubongoni.

Hapo mmoja wetu atasema, "Walikula kilichokatazwa." Tuwe waangalifu. Anayekula nyama yenye vifuko hivyo, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Mtu mwingine akiyameza kwenye mboga, maji au mikono isiyonawiwa, ndipo vifuko hujengeka ubongoni mwake. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wa New York, wasiokula nguruwe kabisa, walioupata ugonjwa huo. Hata mshiriki aliyeishika Walawi 11 maisha yake yote aweza kuugua. Chanzo kikijulikana, mashtaka huanguka na kazi hubaki: choo bora, sabuni, mboga kuoshwa vizuri.

Je, kumeza dawa ni upungufu wa imani? Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akaahidi kumponya, kisha Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:1–7). Ahadi na tini vilitoka kwa Mungu yule yule. Dawa kama fenobabitali na kabamazepini huzuia kuanguka kwa wagonjwa wengi, zikimezwa kila siku. Kumwambia mgonjwa aziache kwa kuwa ameombewa ni kuuhatarisha uhai wake, kwa maana kuziacha ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokatika, hata kifo.

Povu la mgonjwa haliambukizi. Mtoto akianguka kando ya mafiga au ukingoni mwa ndiva, mwondoe hatarini na umlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, wala usimkandamize. Zikipita dakika tano bila kutulia, mkimbizeni hospitali. Anayesimama mbali kwa kuogopa laana anamwachia moto mtoto ambaye Kristo alimshika mkono na kumwinua.

Maswali ya Kujadili

1. Soma Luka 13:1–5. Kwa nini hutuliza moyo kuamini kwamba mgonjwa amejiletea ugonjwa wake?

2. Baadhi ya magonjwa hutokana kweli na mazoea yetu. Tufundisheje kanuni za afya bila kumhukumu aliyelala kitandani?

3. Ni familia gani katika kanisa lenu imemficha mgonjwa nyumbani? Darasa lenu litafanya nini kabla ya Sabato ijayo?