Mjumbe Hauawi: Askari, Amri na Dhima ya Risasi

Wahenga waliposema mjumbe hauawi, walimkinga mtu aliyebeba maneno ya mwingine. Swali linalozuka ni hili: je, kinga hiyo yamfaa pia askari aliyebeba risasi za mwingine?

Mnamo tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku, mpinzani wa kipande na kodi, alikuwa amekamatwa siku mbili kabla. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 21. Simulizi za Waafrika zilitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Tukio kama hili aghalabu husimuliwa kwa kauli ya kutendwa: watu walipigwa risasi. Sarufi ya Kiswahili huiruhusu sentensi hiyo ikome hapo bila kumtaja mtenda. Maadili hayaruhusu. Lakini mtenda ni nani? Askari Mwafrika atasema aliutumikia utawala. Mtawala atasema hakugusa bunduki. Kila mmoja humwelekezea mwenziwe kidole, na maiti hubaki bila muuaji.

Huko Accra, tarehe 28 Februari 1948, mtenda alijulikana. Wanajeshi wastaafu walikuwa wakienda kumpelekea gavana malalamiko yao. Ofisa wa polisi, Colin Imray, alitwaa bunduki ya askari wake akafyatua mwenyewe. Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Odartey Lamptey wakafa. Hata hivyo, jina hilo moja halimalizi hesabu, kwani ofisa huyo hakuuunda peke yake utawala uliomweka njiani kuwazuia wenye malalamiko.

Hivyo basi, dhima si mkate wa kugawanywa hata kila mshiriki apate kipande kidogo kisichomlemea. Aliyeamuru anaibeba nzima, na aliyefyatua anaibeba nzima. Wala unyonge wa askari haumfutii yake, ingawa waweza kumfanya astahili huruma.

Mjumbe hauawi kwa sababu ujumbe wake bado waweza kujibiwa: mpokeaji hukubali, hukataa au huomba muda. Risasi haimwachii mpokeaji jibu. Anayeifikisha si mjumbe tena, bali ni mmoja wa wasemaji.