Minervali Hainunui Watu

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha binafsi hapa Lubumbashi hujifunza mapema kusema "nimelipa". Husema akichelewa somo, husema akikuta foleni aparitora, husema sentineli akimwomba kadi mlangoni. Na kweli amelipa. Wengi wamelipiwa, tena kwa dola, na mama anayeuza unga kwenye soko la komini ya Kenya, au na baba ambaye mshahara wake wa mgodini huja siku unapotaka wenyewe. Kwa malipo hayo ya minervali sina neno. Neno langu ni kwa wazo linalokuja nyuma yake: kwamba aliyelipa amemnunua na mama wa dirishani, amemnunua na mfagiaji, na mwaka ukiisha amenunua hata pointi.

Tazama asubuhi ya uandikishaji. Chuo ni nyumba ya zamani katika komini ya Lubumbashi, ua mdogo, miembe miwili, jenereta nyuma kwa siku SNEL ikikata moto. Dirisha la aparitora ni moja tu. Mama aliye ndani ana rejista, muhuri na rundo la bodero za benki zilizokunjwa kila namna. Anasoma namba ya bodero, anaitafuta kwenye orodha iliyotoka benki, anaandika, anapiga muhuri, anamwita mwingine. Kijana anapita kando ya foleni, anaitupa bodero yake juu ya rejista iliyofunguliwa, macho hayatoki kwenye simu. "Fanya haraka, niko na somo." Hakuna jambo, hakuna mama. Nyumbani kwao kijana huyo huyo humpa mgeni maji kwa mikono miwili. Adabu anayo, basi. Ila ameiacha nyumbani, kwa kuwa anadhani huku yeye ni mteja.

Chuo kikubwa kinaweza kujitetea. UNILU, iliyozaliwa mwaka 1955 wakati mji huu ungali unaitwa Élisabethville, ina maelfu ya wanafunzi, na mtu anaweza kumaliza masomo yake bila aparita kulijua jina lake. Chuo kidogo hakina utetezi huo. Sentineli anajua nani huja kwa miguu kutoka Katuba na nani hushushwa na gari la baba. Mama anayeuza mikate langoni anajua nani ana deni lake tangu mwezi uliopita, na hajamtangaza. Watu wanaokujua kiasi hicho huwezi kuwapita kama nguzo za umeme.

Lakini kujuana kuna ubaya wake pia, na huo watu hawapendi kuutaja. Aliye kanisa moja na katibu huingia kwa mlango wa nyuma. Aliye wa kabila moja na wa fedha huongezewa siku za kulipa, na mwenzake asiye na mtu hufukuzwa kwenye mtihani kwa deni lile lile. Foleni ya mbele inabaki ya yatima. Kama una yaya wako ndani ya ofisi, msalimie, kisha rudi usimame nyuma ya wenzako. Utamsaidia na yeye, kwani kila anapokupitisha wewe, wanaosubiri juani wanaliandika jina lake.

Kizazi hiki kimekuta vyuo vya binafsi vipo, kinadhani vilikuwapo siku zote. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilikiunganisha chuo cha hapa na Lovanium ya Wakatoliki kule Kinshasa na chuo cha Waprotestanti kule Kisangani, vyote vitatu vikawa kitu kimoja, UNAZA, mkononi mwa serikali. Muungano huo ulidumu hadi mwaka 1981. Vyuo vingi vya binafsi tunavyoviona leo vilikuja baadaye, serikali ilipokuwa imelemewa, mishahara ya walimu ikichelewa, na makanisa, mashirika na wazazi wakaona bora wachange kuliko watoto wakae bure. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, minervali ni mchango kwanza, bei baadaye. Unachangia ili mwalimu ale, taa iwake, maktaba ifunguliwe. Na mwenye kuchangia nyumba haitukani nyumba hiyo.

Tena mfumo wenyewe wa masomo unakataa ununuzi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo viliingizwa kwa jumla katika LMD (lisansi, masta, dokta): krediti 60 kwa mwaka, 180 hadi lisansi. Krediti haihesabu saa za mwalimu peke yake. Inahesabu na saa zako wewe, za kusoma usiku na kufanya kazi za vitendo. Saa hizo hakuna benki inayozitolea bodero. Ninawaambia hili hasa wale wanaolipa mtu awaandikie kazi ya mwisho, kisha siku ya kuitetea wanatokwa na jasho mbele ya swali la ukurasa wa tatu.

Na nyinyi mlio upande wa pili wa dirisha, msidhani nimewasahau. Karatasi ambayo chuo kinaitoa bure haina matabishi. Anayesema "muhuri umefungiwa" mpaka aone noti mkononi anauza mali isiyo yake. Mwalimu asiyemsahihisha mwanafunzi mpaka anunue silabasi yake, naye ni yule yule. Ama anayemwita binti ofisini jioni kuzungumzia pointi zake, huyo ameshavuka mpaka wa nasaha: sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaita jambo hilo unyanyasaji wa kingono, na kifungo chake ni mwaka mmoja hadi kumi na miwili. Katika chuo kidogo wenzake huwa wanajua. Wanacheka, wanabadili mazungumzo, wanamwachia binti mzigo peke yake. Kicheko hicho nacho ni dhambi, kwa sababu kinampa mkosaji nguvu ya kumwita na mwingine.

Wazazi, kwenu nina moja tu. Msimpigie simu promota wa chuo kila mtoto anapopata 8 juu ya 20. Mtoto anayejua kwamba baba atapiga simu hafungui daftari.

Nawe mwanafunzi, matokeo yatabandikwa kwenye valve, ubao wa matangazo. Usipopata ulichotarajia, usimvizie profesa kwenye gari lake, wala usimtukane CP, kiongozi wa darasa lenu, kwa kuwa ndiye aliyeleta habari. Uliza siku ya mwisho ya rekursi, yaani ya kukata rufaa. Andika barua, taja somo na sababu, ambatanisha nakala ya bodero zako, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ipeleke aparitora mwenyewe, msalimie mama wa dirishani, simama foleni, na usiondoke kabla hajakupigia muhuri kwenye nakala utakayobaki nayo. Baba mwache nyumbani.