Kope za Kubandika na Macho ya Simoni

Kuna dada wetu wa Kawangware hataki tena kurudi kanisani. Alilia kwenye maombi, kope ya kubandika ikabanduka, viti vya nyuma vikacheka. Mmoja akamwita Yezebeli.

Haya, fungueni 2 Wafalme 9. Yezebeli alipaka macho rangi. Kope bandia hazimo. Hizo ni za juzi tu: mwaka 1911 Anna Taylor wa Kanada alisajili uvumbuzi wake kule Marekani. Siku hizi ziko za ukanda mzima, za vishungi, na za kubandikwa unywele mmoja mmoja. Kibera na Kawangware kuna akina mama wanaolipa kodi ya nyumba na karo kwa kazi hiyo. (Lakini dada, uliza ni gundi gani. Jicho halina spea!)

Luka 7, nyumbani kwa Simoni, mwanamke alilia mbele ya wageni. Simoni aliona dhambi tu. Yesu akamwuliza kama anamwona huyo mwanamke.

Nyinyi wa viti vya nyuma, mnajijua. Mpigieni simu leo, msingoje Jumapili.