Walivichoma, Hawakuviuza

Somo: Matendo ya Mitume 19:17-20

Kuna swali vijana wetu huuliza pembeni baada ya ibada, sauti ikiwa chini. Mtu ameokoka, ameombewa, amelia pale madhabahuni. Halafu Jumamosi jioni kidole kinarudi kwa simu kubeti mechi za Uingereza. Je, huyo alifunguliwa kweli ama alijidanganya?

Wengi hujibu haraka: ungekuwa umeokoka kweli, tamaa isingerudi. Jibu hilo linasikika la kiroho, lakini angalia linazaa nini. Kijana haachi kubeti, anaacha kusema. Anaimba kwaya asubuhi, usiku anafuliza, na mkewe anajua tu siku karo inapodaiwa.

Twende Efeso. Luka anaandika kwamba waliokuja kuungama ni watu ambao tayari walikuwa wameamini. Hapo sisi hupita mbio. Walikuwa wamempokea Bwana, na vitabu vya uchawi bado viko nyumbani. Luka hasemi imani yao ilikuwa ya uongo. Anasema walikuja, wakaeleza matendo yao waziwazi, na waliokuwa wakifanya uchawi wakavileta vitabu wakavichoma mbele ya watu wote. Thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Kama kipande kimoja ni mshahara wa kibarua wa siku moja, vile wafafanuzi wengi wanavyohesabu, ni kazi ya zaidi ya miaka 130 bila kupumzika hata Sabato! Wangeviuza, mhazini wetu angeshangilia. Lakini ukiuza umemfunga mtu mwingine, na njia ya kurudi umeiacha wazi.

Sasa kuna ndugu husema kwamba kumpa mke namba ya siri ya M-Pesa, ama kufuta programu ya kubeti, ni kutegemea mwili badala ya Roho. Mimi sikubali. Ule moto wa Efeso uliwashwa na mikono ya watu. Mlevi angalau lazima atembee hadi kwa baa. Anayebeti analala na baa chini ya mto. Pesa iko kwa simu hiyo hiyo tangu 2007, na Fuliza tangu 2019 inamkopesha hata akiwa hana kitu. Na mchezo wenyewe umeundwa hivyo: ukikosa kwa goli moja, moyo hauhesabu kwamba umepoteza, unahesabu kwamba ulikaribia. Huko kukaribia ndiko kunashika mtu. Kufunga mlango kama huo ni tendo la imani.

Na tamaa ikirudi? Israeli walitoka Misri usiku mmoja. Ukisoma Hesabu 11, wako jangwani, bahari iko nyuma yao, na wanalilia samaki wa bure, matango, matikiti na vitunguu. Bure! Matofali wameyasahau. Ndivyo anayebeti anavyokumbuka ile siku alishinda elfu nane na kusahau Jumamosi zingine zote. Kulilia matango hakukumaanisha bado wako Misri. Walikuwa watu huru wenye tumbo la mtumwa. Hatari kubwa ilikuja sura ya 14, walipoanza kusema wachague kiongozi wa kuwarudisha. Kutamani na kupanga safari ni vitu viwili.

Niseme na hili kwa upole, kwa sababu linatuhusu sisi wa mimbari. Tukimfundisha mtu kwamba sadaka ni dau, weka elfu moja leo, Ijumaa itarudi mara mia, tunalisha njaa ile ile tunayotaka kuikemea.

Waefeso walisimama vitabu vikiwa bado mikononi. Sisi saa ya ushuhuda tunampa kipaza sauti aliyemaliza mwaka mzima. Aliye na siku tisa, na siku ya kumi anaiogopa, asimame wapi?

Ushirika mmoja wa nyumbani umeanza kukutana Jumamosi jioni, saa ile mechi zinaanza. Simu zinawekwa kwa sinia, chai inaletwa, watu wanaomba na kupiga stori. Walianza wanaume wanne. Mmoja alibeti tena wiki ya pili. Wiki ya tatu akaja, akasema ni pesa ngapi, na wenzake wakamsogezea kiti.