Je, Fundi Alipwe kwa Gari Lililojiponya?

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu akisema ametengeneza kitu, na yeye mwenyewe anaamini hivyo kwa moyo safi, lakini hakuhakikisha, je, ametenda haki? Na je, anastahili malipo? Wengi watajibu kwamba asiyekusudia kudanganya hana lawama. Mimi sikubaliani na jibu hilo, na nitaeleza sababu kwa mfano wa gari la zamani.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Watu wa Afrika Mashariki walilifahamu kupitia Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari hilo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Lina injini ya lita 2.4 yenye silinda sita na kabureta mbili. Magari ya rika lake bado yanakimbia, kwani tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya magari ya zamani katika ukanda wetu.

Tufikirie kwamba gari hili limepanda kutoka Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, hadi Bugeshi, kwenye mashamba ya viazi chini ya milima ya volkano, karibu na mpaka wa Kongo. Dereva anazima injini ili anunue viazi. Baada ya dakika 15 anarudi, anageuza ufunguo, stata inazunguka vizuri, lakini injini haiwaki. Fundi wa jirani anaitwa. Anafungua boneti, anasema koili imekufa, anatuma kijana kwa pikipiki akalete nyingine mjini. Saa moja inapita. Koili mpya inafungwa, ufunguo unageuzwa, injini inawaka mara moja. Fundi analipwa, anashukuriwa, na kijana anayejifunza kwake ameona kwa macho yake kwamba gari likikataa kuwaka likiwa moto, dawa ni koili.

Lakini ni nini hasa kilichotokea? Katika injini hii bomba la kuingiza hewa na petroli liko upande mmoja na eksozi, na kabureta zimekaa juu ya eksozi. Injini inapofanya kazi, feni inapuliza na petroli mpya inapita, kwa hiyo joto linapunguzwa. Injini ikizimwa, feni inasimama na petroli haitembei tena, bali joto la chuma linaendelea kupanda kuelekea kabureta. Kwa dakika kadhaa baada ya kuzima, kabureta huwa na joto kuliko wakati gari lilipokuwa likitembea. Petroli nayo ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Tena Bugeshi iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa inakandamiza kidogo, na kimiminika huchemka mapema zaidi kuliko pwani.

Petroli ikichemka, mambo mawili yanaweza kutokea, na yanapingana. La kwanza, inafurika kutoka kwenye kabureta na kuingia ndani ya injini, plagi zinalowa, na injini inanyimwa hewa. Hapo dereva anatakiwa kukanyaga mafuta hadi chini bila kuvuta choki, ili hewa iingie. La pili, mvuke unajaa kwenye bomba la mafuta, na pampu, ambayo imeundwa kusukuma kimiminika, inashindwa kusukuma mvuke. Hapo injini ina njaa ya petroli, na kinachosaidia ni kulipoza bomba kwa kitambaa chenye maji. Na ni kweli pia kwamba koili iliyochoka inaweza kutoa cheche dhaifu ikiwa moto. Dalili ni moja, sababu ni tatu. Fundi anaweza kuzitofautisha kwa kufungua plagi moja: ikiwa imelowa na inanuka petroli, ikiwa ni kavu, au ikiwa haitoi cheche. Lakini lazima afanye hivyo wakati ule ule injini ingali moto. Ikishapoa, ushahidi umeondoka, na gari litawaka hata kama hakuna aliyeligusa.

Kwa hiyo katika mfano wetu hatujui kama koili ndiyo iliyoponya gari au ni ile saa moja ya kusubiri. Fundi naye hajui. Lakini amesema anajua.

Utetezi wa kwanza ni kwamba matokeo yanatosha: gari limewaka, mteja ameondoka. Utetezi huu ni dhaifu, kwa sababu mteja hakulipia kuwaka mara moja. Alilipia uhakika kwamba hatakwama tena kesho mahali pengine, labda usiku.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi: fundi aliamini alichosema. Hapa ninamkumbuka William Kingdon Clifford, mwanahisabati wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1877 kuhusu mwenye meli aliyejishawishi kwamba meli yake kuukuu ni salama, akairuhusu isafiri na abiria. Kwa Clifford, mtu huyo ana hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini bila kuchunguza. Fundi wetu yuko karibu na mwenye meli huyo, ila mkasa wake ni mdogo. Imani yake ni ya kweli, lakini hakuifanyia kazi.

Hata hivyo, William James wa Marekani alijibu mwaka 1896 kwamba maisha hayatusubiri tupate ushahidi wote. Hoja hii inamhusu fundi wa Bugeshi moja kwa moja. Mvua inakuja, mteja anaangalia saa, na kesho watoto watahitaji kula. Ninakubali kwamba ana haki ya kujaribu koili kwa kubahatisha. Lakini kutenda bila uhakika ni jambo moja, na kutangaza uhakika ni jambo jingine. Angeweza kufunga koili ile ile na kusema: "Mzee, nimebadilisha koili, lakini injini imepoa, kwa hiyo sijui kama ndiyo iliyokuwa tatizo." Maneno hayo hayagharimu spea yoyote.

Mbona basi ni vigumu kuyasema? Nadhani hapa lawama inatugeukia sisi wateja. Fundi akisema, "Tuwashe gari, tulitembeze mpaka lipate moto, tulizime, tusubiri dakika 15, ndipo tujaribu tena," tunamwona mvivu au mjinga. Akitoa kifaa kipya kwenye boksi, tunamwona hodari. Tunalipia kifaa kinachoonekana na hatulipii kuchunguza. Kisha tunashangaa kwamba mafundi wanauza vifaa. Mtu anayeadhibiwa kila anaposema "sijui" atajifunza kutolisema neno hilo, na baada ya miaka atakuwa hasikii tena hata ndani ya moyo wake kwamba hajui.

Anayeumia zaidi si mteja. Ni yule kijana anayejifunza. Mteja amepoteza pesa za koili moja, lakini kijana amepokea elimu ya uongo kutoka kwa mtu anayemwamini, na ataibeba hadi gereji yake mwenyewe. Hivyo hivyo mganga anaweza kupewa sifa kwa mafua ambayo yangepona yenyewe, na kiongozi kwa mavuno yaliyoletwa na mvua nzuri.

Jibu langu basi ni hili. Fundi alipwe kwa muda wake na kwa kazi ya kufunga, kwa sababu hayo ameyafanya kweli. Sifa ya kuliponya gari asipewe mpaka injini ipate moto tena, izimwe, na iwake. Na mteja akubali kulipia hiyo nusu saa ya kusubiri kama anavyolipia koili. Asipokubali, hana haki ya kudai ukweli ambao hakutaka kuugharamia.