Deni la Maandazi

Vijana wenzangu, leo naomba nianze na insha.

Nikiwa kidato cha nne, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa swali la riwaya: namna waandishi wanavyoonyesha maisha ya watu wa hali ya chini. Mimi nilichagua *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo. Wengi wenu mmekisoma. Ni habari ya mama anayehangaika kuuza chakula ili familia iishi, huku watoto wake wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare.

Jamani, niliandika! Nilililia lile jiko la Mama Ntilie kurasa nne nzima. Hoja sita, kila hoja na mfano wake, na hitimisho lenye kuitaka jamii "iwathamini akina mama wajasiriamali". Nikapata 17 kati ya 20. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Wenzangu wakapiga makofi, na mimi nikainama kidogo kama mtu mnyenyekevu, kumbe moyoni nimevimba.

Sasa sikilizeni. Nje ya geti la shule yetu kulikuwa na mama anauza chai na maandazi. Siku ile ile ya makofi nilikuwa nadaiwa kwake shilingi 7,200. Alikuwa na daftari dogo la madeni, kalamu imefungwa kwa uzi. Wenzangu wengine aliwakatalia mkopo, lakini mimi aliniamini kwa sababu nilikuwa kiongozi wa TYCS na Jumapili ananiona nasoma somo kanisani. "Wewe mtoto wa kanisani," aliniambia, "utanilipa tu, mwanangu."

Sikumlipa. Hela nilikuwa napata, kidogo kidogo, ila kila zikija zilikuwa na kazi nyingine. Mwishoni nikawa napita geti la nyuma. Mtihani wa taifa ukaisha, nikafunga sanduku, nikaondoka.

Yaani nilimwelewa Mama Ntilie wa kitabuni vizuri kabisa, na yule wa getini nikamkimbia.

Miaka ikapita, nikaingia seminari kuu. Mwaka wa kwanza wa falsafa tukasoma *Jamhuri* ya Plato. Mwanzoni kabisa mwa kitabu kuna mzee anaitwa Cephalus, anazungumza na Socrates kuhusu haki. Katika mazungumzo yao linatokea wazo kwamba haki ni kusema ukweli na kurudisha ulichochukua kwa mtu. Socrates analipinga: je, kama rafiki alikukabidhi silaha, kisha akapata wazimu, utamrudishia? Tukaambiwa tuandike insha juu ya hoja hiyo.

Nikaandika tena, ndugu zangu. Nikaonyesha kwa mantiki safi kabisa kwamba kulipa deni si maana kamili ya haki. Nilipofika ukurasa wa tatu nikaandika neno "deni", na ghafla nikaliona lile daftari na kalamu yake ya uzi. Nikakaa kimya pale mezani. Socrates alikuwa anaitafuta maana iliyo kamili zaidi. Mimi hata ile pungufu sikuwa nimeitimiza.

Baadaye nilikutana na mtu aliyenisema vizuri zaidi: Mtakatifu Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alikuwa mwanafunzi hodari wa fasihi, na baadaye mwalimu wa ufasaha wa kusema. Katika *Maungamo*, aliyoyaandika akiwa tayari askofu, anakumbuka alivyokuwa shuleni. Alimlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgil, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi. Lakini kwa ajili yake mwenyewe, aliyekuwa anakufa kwa kuwa mbali na Mungu, hakutoa hata chozi moja.

Anasema na jambo lingine. Neno la Kilatini *homo* maana yake ni mtu. Wasomi wa wakati wake, mtu akikosea kulitamka akaangusha ile "h", walichukizwa kuliko angemchukia mtu mwenyewe. Nilipolisoma hilo nilicheka, halafu kicheko kikakata. Maana hata mimi katika insha yangu sikukosea herufi hata moja ya neno "mama".

Msinielewe vibaya. Sisemi fasihi ni mbaya au falsafa ni maneno matupu. Augustino mwenyewe, kitabu cha Cicero alichokisoma akiwa na miaka 19 kilimwamshia njaa ya hekima, na njaa hiyo ilikuwa sehemu ya safari yake ya kumrudia Mungu. Hata mimi, dhamiri yangu iliamshwa na insha. Kitabu kizuri kinaweza kukufungua macho. Hatari ni pale unapoona, unapewa alama kwa kuona, halafu unadhani umemaliza. Mtakatifu Yakobo anatuonya juu ya mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, bila kumpa kitu (Yak 2:15-16). Insha yangu ilikuwa hivyo hivyo, yenye aya tu.

Basi likizo iliyofuata nikachukua 7,200, nikaongeza kidogo, nikaenda. Pale kwenye banda lake nikakuta kibanda cha kutoa pesa za simu. Kijana wa pale akaniambia, "Yule mama alisharudi kwao Singida, frateri. Mtaji ulikata." Namba yake hakuwa nayo. Nikauliza majirani, hakuna anayejua.

Nilirudi na ile hela mfukoni. Nilijaribu kujifariji kwamba elfu saba haiui biashara. Ni kweli, pengine haiui. Lakini sikuwa peke yangu kwenye lile daftari.

Nikaenda kuungama. Padre hakunikaripia. Aliniambia kwamba Mungu anasamehe, lakini msamaha haufuti wajibu wa kurudisha cha mtu. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani, hakuishia kujisikia vibaya, alitaja hesabu (Lk 19:1-10). "Endelea kumtafuta," padre akasema, "na kama hapatikani, wape maskini. Ila usiite sadaka. Hiyo si yako."

Nikaenda kwa mama mwingine, karibu na parokia niliyopangiwa uchungaji, naye anauza maandazi kwa wanafunzi. Nikamwomba afute madeni ya watoto kiasi cha ile hela. Akaniangalia. "Ya nani hii, frateri?" Nikamwambia, "Ya mama mmoja." Akafungua daftari, akaanza kukata majina. Yule wa Singida bado namtafuta, na kila ninapokutana na mtu wa huko nauliza.

Kijana mwenzangu, huenda wiki hii una insha ya kukabidhi, au umeweka maneno mazuri kuhusu wanyonge kwenye status yako. Vizuri, andika. Lakini kabla hujalala leo, tafiti dhamiri yako kwa maswali haya matatu:

1. Ni nani ninayemtetea kwa maneno, na ninampita mtaani kila siku bila salamu?
2. Nina deni gani ninaloliita dogo, la hela, la kitabu cha watu, au la kuomba radhi?
3. Geti la nyuma ninalopita siku hizi ni lipi?

Ukipata jibu, nenda kesho. Usisubiri kama mimi, ukifika ukute kibanda kimebadilika.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyemwita Zakayo kwa jina, utuite na sisi tushuke chini. Utupe macho ya kusoma vitabu na macho ya kuwaona watu. Mkumbuke mama yule popote alipo leo, umbariki kazi ya mikono yake, na unipe nafasi ya kumlipa. Mtakatifu Augustino, utuombee. Amina.